Baba, Usiguse Hiyo Diski

Rehema,

Umelala kwa mkeka na viatu miguuni. Mimi nimekalia ndoo. Mashine yako iko mbele yangu juu ya gunia, na ile diski ya nje iko kando yake na waya wake mfupi, taa inapepesa. Uliniambia nisiguse. Sijagusa. Nimeshika kalamu ili mikono iwe na kitu cha kufanya.

Niliacha shule darasa la nne, kwa hivyo soma hivyo hivyo. Ningesema kwa mdomo, lakini tangu jioni mimi na wewe tunaongea neno moja moja, kama watu waliouziana ng'ombe mgonjwa.

Basi la Mombasa linapita Garsen asubuhi, na ukifika Mombasa utabadilisha la Voi. Begi lako liko mlangoni. Lakini umesema diski isipopona huendi. Chuo kimesema kila mtu aje na mashine yake na kazi aliyoifanya iwe ndani, na siku ya kwanza wanaangalia. Nilikwambia uende tu, utawaeleza. Ukanijibu, "Niende niwaonyeshe nini, Baba? Vidole?"

Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki sitaandika. Wewe ndiye umenipikia tangu mama yako afe. Sina la jikoni la kukufundisha. Nitaandika ninayoyajua. Ni machache, na mengi niliyajua kwa kukosea.

Kwanza la leo, maana ndilo limetukalisha hapa.

Ulienda Ngao kumuaga bibi yako. Kabla ya kutoka ulinieleza kwamba mashine inateremsha vitu vipya vya Linux, ule mfumo unaoiendesha, inaviandika kwa diski, nisiizime mpaka urudi. Nikatikisa kichwa kuitikia. Sikuelewa vizuri, lakini nilitikisa. Makosa yangu mengi yameanza na kutikisa kichwa. Kuna mwaka msimamizi wa mashamba ya mpunga alitueleza mfereji upite wapi, akachora chini kwa fimbo, akauliza kama tumeelewa. Wengine wakauliza maswali. Mimi nikatikisa kichwa, nikachimba tangu asubuhi mpaka jua likapinda, peke yangu, kwa nguvu zangu zote, kuelekea barabarani. Walinicheka mpaka msimu ukaisha. Wakinikuta njiani wananiuliza kama maji ya lami yamefika. Afadhali uonekane mjinga dakika moja. Uliza.

Basi, nilirudi mchana nimechoka, nikakuta kile kisanduku cha sola kinalia na taa yake nyekundu. Kwa soketi kulikuwa na simu za majirani, unajua zinavyokaa, waya juu ya waya. Bonaya alikuwa mlangoni, ametoka kunywesha ng'ombe, amekuja kuchukua yake. Akaiona diski yako inapepesa. Akasema, "Hiki nacho kinanyonya kama ndama. Kina kazi gani?" Nikasema ni cha Rehema. Akacheka, akasema basi Rehema ana ndama asiyeshiba.

Nami nikafikiri hivi. Hapa kwetu kitu kikiwa na waya na taa, kinachaji. Nikaona diski inakula chaji ya mashine, mashine inakula ya sola, na sola inakufa. Simu za watu siwezi kuchomoa. Ni za watu, wameniamini nazo. Ile diski ni yetu. Nikachomoa yetu.

Skrini ilisimama. Kisha maandishi meupe yakaanza kushuka, mistari mingi, haraka. Nikarudisha waya. Haikusikia. Bonaya akasema, "Umeua." Hakucheka tena.

Usidhani sikujua hiyo diski ni nini. Hapo ndipo ninaumia. Najua laptop hiyo Mama Shukri alikupa pale dukani kwake, ulipokuwa unamtengenezea simu, sababu diski ya ndani ilioza na hakuna aliyeitaka. Bila hiyo ya nje ni sinia tu. Nimekuona jioni nyingi. Unawasha, unabonyeza F12 harakaharaka kama mtu anayegonga mlango nyuma yake kuna nyati. Inatoka orodha, unashuka mpaka ule mstari wa USB, unabonyeza, ndipo Linux inaamka. Ukichelewa na F12, inaandika haioni kitu cha kuwashia, nawe unaanza upya huku unainung'unikia.

Na siku ile ulinipeleka Garsen, ukachomeka hiyo diski kwa mashine ya Mama Shukri mwenyewe, ile mpya. Ukafanya F12 yako. Ikatokea picha yako ile ile, mafaili yako yale yale, na ile kazi yako ya zamu za maji, inayowatumia wakulima wa mpunga ujumbe nani anafungua mfereji leo na nani kesho. Mama Shukri akaniambia, "Mzee, binti yako ameingia kwangu na kitanda chake na sufuria zake. Mimi nimebaki na kuta." Nilicheka sana. Nilielewa. Nyumba yote iko kwa diski, na mashine ni mahali pa kuitua tu. Lakini kuelewa jambo dukani, umekaa kivulini na soda, na kulikumbuka jua likiwa kichwani na mtu mlangoni, hayo ni mambo mawili.

Ulirudi, ukaona. Hukupiga kelele. Ningependa ungepiga.

Ulijaribu. F12, USB, skrini nyeusi, maandishi, basi. Tena, ikawa vile vile. Ukatoa ile flash uliyotumia kuweka Linux mara ya kwanza, mashine ikawaka kwa flash, lakini ilipoguswa diski ikakataa kufunguka. Ukasema sasa lazima ikaguliwe yote, kipande kwa kipande, na wakati inakaguliwa umeme usikatike hata kidogo. Ukikatika, itaharibika kuliko nilivyoiharibu. Na betri ya ndani ya laptop ilikufa zamani. Inaishi kwa sola yetu peke yake.

Bonaya hakuitwa. Nilimwona anakuja na wilbaro, betri yake ya nyumbani iko ndani, mtoto wake anashika tochi mbele. Nikamwambia na wewe utawasha nini leo. Akasema, "Mimi ndiye nilicheka." Akaishusha, ukaiunganisha na yetu, akaenda kwake gizani.

Nilikuuliza kama ile kazi yako iko mahali pengine popote. Ukasema bado. Ulikuwa unangoja flash nyingine kwa Mama Shukri, kesho na kesho. Hapo ulikosea wewe. Nasema tu, sipunguzi langu. Kitu ambacho huwezi kukitengeneza tena kisikae mahali pamoja tu.

Kisha, umeinamia skrini, hunitazami, ukaniuliza, "Baba, ulichomoa makusudi?"

Nikasema hapana.

Ukasema sawa. Sawa hiyo naijua. Mama yako alikuwa nayo.

Hapana yangu ni ya kweli. Lakini ina nusu ambayo sikuisema, na nimechukua karatasi sababu ya hiyo nusu. Skrini ilipokufa niliogopa. Kisha nyuma ya hofu, kidogo tu, nikasikia mwili umepumzika, kama mtu aliyetua gunia. Nikajiambia, basi haendi. Sikufikiri hivyo kabla ya kuchomoa. Nilifikiri baada. Tofauti hiyo anaijua Mungu, naijua mimi, na sasa unaijua wewe, ukitaka kuniamini.

Skrini inasema imefika nusu na kidogo. Unakoroma. Bibi yako amekufungia nini kwenye leso, kunanukia hapa ndani.

Nikwambie la mama yako. Ulikuwa umetangulia na bibi yako kwenda juu karibu na lami, hukuona. Watu wanaisimulia kama sifa yangu, na wewe umekua ukiisikia hivyo, kwamba maji yalipoingia kijijini baba yako na mtumbwi wake alivusha nyumba nyingi. Ni kweli nilivusha. Mama yako alikuwa na homa, amelala kwa kitanda tulichokiinua kwa matofali. Alisema tuhame. Nilipakia sufuria. Kabla sijamshika mkono mtu akaita upande wa pili, ana wazee na watoto. Nikashusha sufuria, nikawavusha. Niliporudi mwingine akaita. Nikavusha. Kila nikirudi kuna anayeita, na kila nikifika ng'ambo wananibariki. Rehema, ni tamu kubarikiwa. Inalevya.

Niliporudi mara nyingine mama yako akaniambia, hakupandisha sauti, "Na mimi ni mtu."

Nikamjibu, "Wewe ni wangu. Utangoja."

Tulivuka mwisho, mvua ikatukuta katikati. Kule juu homa ikaingia kifuani. Unayajua yaliyobaki. Sijui kama tungetangulia angepona. Hakuna anayejua, na wanaonifariji hawajui kuliko mimi. Ninachojua ni lile neno. Nililisema kama neno la mapenzi. Mchana wa leo nimesimama hapa na waya mkononi nikisema ile ni yetu, nichomoe yetu. Mkono ni ule ule.

Sikwambii usisaidie watu. Bonaya ameleta betri sababu gani? Ng'ombe wake waliingia kwa mahindi yangu mwaka juzi, na wapo walioniambia nipige yowe, Wapokomo wenzetu wote wawatokee wafugaji. Sikupiga. Nilimwendea nikamwita, tukawatoa sisi wawili, akanilipa kwa maziwa mpaka nikachoka kuyanywa. Nisingekuwa mtu wa hivyo, leo tungekuwa na betri moja. Kwa hivyo sina jibu la kukupa. Mpaka uko mahali fulani na mimi nimeupita mara nyingi bila kuuona. Nakwambia tu kwamba huko Voi watajua mikono yako ni mizuri, watakuletea mashine zao, kila mmoja na haraka yake, na hutaweza kukataa, maana umetoka kwangu. Yako itakuwa inangoja pembeni. Siku hiyo jichunguze.

Nimeacha kidogo. Nimerudi.

Nikwambie kilichotokea, ukiamka hutakiona.

Ulipokwisha kulala, watu walikuja na simu. Kama kila siku. Mmoja akabisha, akasema ni hii moja tu, nikamwambia weka. Akaja mwingine. Nikasema weka. Diski inakaguliwa, wewe umelala na viatu, na mimi nasema weka, weka. Hata leo sikuweza kusema leo hapana.

Kisha kisanduku kikalia.

Skrini ilikuwa inasema tisini na kitu kwa mia. Uliniambia kikilia nikuamshe. Mimi nikakaa. Nilikaa kwa ndoo hii nikiangalia ile taa nyekundu, na nikaona jinsi itakavyokuwa. Nikikaa tu, itakufa yenyewe. Sitakuwa nimegusa kitu. Nilichoambiwa nisiguse sikukigusa. Utaamka ukute kimya, nami nitasema usingizi ulinichukua, na nani atabisha, nimechimba tangu asubuhi. Majirani watapata simu zao zimejaa. Nawe utashusha begi. Utakasirika msimu mmoja. Kisha utarudi kwa Mama Shukri, jioni utakuwa hapa, na mimi nitakuwa na mtu wa kuniambia chai imepoa.

Kililia, kikanyamaza. Kikalia tena. Nilikuwa bado nimekaa.

Sijui ni nini kilinisimamisha. Ningependa kukwambia ni mama yako, lakini sikumfikiria. Uligeuka tu usingizini, kiatu kikagonga begi.

Nikachomoa simu. Zote. Kila waya niliufuata kwa kidole mpaka mwisho wake kabla ya kuuvuta, nisije nikavuta wako. Nyingine zilikuwa hazijafika popote. Nimezipanga sakafuni. Kesho wakija watasema, na Mzee naye amekuwa hivi. Waseme.

Kisanduku kimenyamaza. Taa imerudi njano. Naandika huku naitazama.

Imemaliza. Imeandika Kizungu, mistari kadhaa, na chini kuna kile kialama kinachopepesa, kinangoja mtu. Nakuamsha.

Sasa unaosha uso nje, nami namalizia.

Uliamka kama mtu aliyeitwa na moto. Ukasoma, hukuniambia inasema nini. Ukazima, ukatoa flash. Ukawasha, F12, F12, F12. Orodha. USB. Ikatoka orodha nyingine, ukaruka mstari wa juu ukaenda kuchukua wa Linux ya zamani, ukasema huo mpya ndio uliokuwa ukiandikwa wakati ule. Hukusema nilipochomoa. Ulisema wakati ule. Nilisikia.

Kisha ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Ulishika kidole changu, sidhani unajua kwamba ulikishika. Nami nilikuwa naomba, na kwa mara ya kwanza tangu jana nilijua ninaomba nini.

Picha yako ikatokea.

Ulifungua zamu za maji kwanza. Zipo. Ukafungua vingine, na vingine havipo mahali pake, vimetupwa pamoja mahali pamoja, vina namba badala ya majina. Nikauliza kama hivyo vimepotea. Ukasema, "Havijapotea. Nitavipa majina nikifika." Nikifika, ukasema. Nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Ulipoziona simu sakafuni ukaniuliza ni za nani. Nikasema za watu. Ukaniangalia muda. Kisha ukavua viatu, ukavifuta vumbi, ukavivaa tena. Hatujasema zaidi ya hapo, na sitaki tuseme. Ndiyo maana barua hii naitia kwenye mfuko wa ndani wa begi, chini ya leso ya bibi yako. Utaikuta ukiwa mbali.

Limebaki moja. Hili lishike kuliko yote niliyoandika.

Siku moja nitakupigia simu nikwambie naumwa. Huenda itakuwa kweli. Huenda itakuwa ni nyumba tu imenizidi. Mimi mwenyewe siku hiyo sitajua ni lipi, kama leo mkono ulivyotangulia mimi nikafuata. Nitakuwa na sauti ya mgonjwa kabisa, nami nitaamini. Usipande basi. Mpigie Bonaya kwanza. Muulize kama ameniona asubuhi nikienda kwa mfereji na jembe. Akisema ameniona, endelea na kazi yako, na mimi usinijibu mpaka jioni.

Baba yako.